Namna ya Kuchunguza Mabadiliko ya Nembo ya Kituo cha Televisheni cha Umma: Mfano wa BBC

Anayetaka kuandika historia ya nembo ya kituo cha televisheni kwa kawaida huzipanga picha kuanzia ya zamani hadi ya sasa, kisha akaandika chini ya kila moja mwaka na sifa mbili tatu. Orodha ya namna hiyo haimsaidii msomaji. Linalotakiwa ni kueleza kwa nini kila nembo iliondolewa, na mara nyingi sababu hupatikana kwenye mitambo, fedha au mtazamo wa watazamaji kabla ya kufika kwenye ladha ya msanifu. Mwongozo huu unatumia BBC ya Uingereza, ambayo kumbukumbu zake ni nyingi.

Anza kwa kutenganisha mambo matatu ambayo waandishi wengi huyachanganya: nembo ya shirika zima, alama ya chaneli moja, na klipu ya utambulisho inayoonyeshwa kwa sekunde chache kati ya kipindi na kipindi. Kila moja ina kalenda yake. Tarehe 16 Februari 1991, BBC1 na BBC2 zilibadilisha klipu zao kwa pamoja, lakini nembo ya shirika, yaani visanduku vitatu vyenye herufi B, B na C vilivyolala upande, iliendelea kutumika hadi 1997. Ukiviweka vyote kwenye mstari mmoja wa tarehe, utaona mabadiliko mahali ambapo hayakuwapo.

Baada ya hapo, uliza picha ilitengenezwaje. Alama iliyosanifiwa na Abram Games mwaka 1953, maarufu kama mabawa ya popo, ilikuwa mfano wa kimashine uliopigwa filamu ukizunguka. Mfano ulio bora zaidi kwa uchunguzi ni tufe la dunia lililoanza kuonekana BBC1 ilipoingia katika matangazo ya rangi, tarehe 15 Novemba 1969. Lilikuwa tufe halisi lililozungushwa na mota mbele ya kioo cha kuakisi kilichopinda, likachukuliwa na kamera ya nyeusi na nyeupe, na rangi zikatiwa baadaye kwa njia ya kielektroniki. Kwa hiyo mafundi waliweza kubadili rangi bila kuligusa tufe lenyewe: mabara yalikuwa ya buluu mwanzoni, yakawa ya njano juu ya buluu mwaka 1974, kisha ya kijani mwaka 1981. Mwenye rekodi isiyo na tarehe anaweza kukadiria umri wake kwa rangi hizo peke yake. Usipuuze maandishi yaliyo chini ya tufe pia. Katika miaka ya mwanzo, jina la chaneli lilifuatwa na neno la Kiingereza lenye maana ya rangi, likiwakumbusha wenye seti za nyeusi na nyeupe kile wanachokikosa. Na leseni ya rangi, yaani ada ya mwaka ya kutazama televisheni ya rangi, iliyoanza mwaka 1968, iligharimu pauni 10 badala ya 5 za nyeusi na nyeupe. Mwaka 1985 tufe hilo la mota lilipisha dunia angavu iliyochorwa kwa kompyuta.

Fuatilia fedha vilevile. Nembo ya shirika iliyotangulia ile ya 1997 ilikuwa na visanduku vya mshazari na vistari vya rangi tatu chini yake. Mishazari ilionekana kama meno ya msumeno kwenye skrini, na rangi hizo ziliongeza gharama ya kila karatasi iliyochapishwa. Msanifu Martin Lambie-Nairn alivisimamisha visanduku wima, akaondoa vistari, na akaandika herufi kwa fonti ya Gill Sans ya Eric Gill, ambaye, kwa bahati, ndiye pia aliyechonga sanamu zilizo kwenye jengo la Broadcasting House, makao makuu ya BBC jijini London.

Lambie-Nairn huyohuyo ndiye aliyezipa chaneli hizo mbili sura ya 1991. BBC2 ilikuwa ikionekana baridi na yenye maringo, hivyo akaifanya tarakimu ya 2 kuwa mhusika: mara inamwagiwa rangi, mara yenyewe inakuwa kisu. Vipindi vilibaki vilevile, ila mtazamo wa watu ulibadilika. Hapa usiishie kwenye umbo. Tafuta utafiti wa watazamaji na ratiba ya vipindi vya miezi hiyo, uvilinganishe.

Jihadhari na rangi za kanda za video, kwa kuwa kila nakala ya nakala hupauka au kuegemea wekundu. Linganisha na majarida ya ratiba na machapisho ya wakati huo kabla ya kuitaja rangi kwa uhakika.

Mabadiliko mengine hayahitaji zaidi ya aya fupi. Mwaka 2021 visanduku vilipewa nafasi pana zaidi kati yao, na Gill Sans ikaachia nafasi fonti ya Reith, inayomilikiwa na BBC yenyewe. Ili kuyaeleza, ziweke nembo ya 1997 na ya 2021 sambamba kwenye skrini ya simu, katika ukubwa wa alama ya programu, na uandike unachokiona hapo.