SOMO: Kodi yako ya C iende mbio ndani ya brauza kwa Emscripten

Wakuu salama? Kuna watu wana kodi nzuri ya C, wakitaka kuipeleka kwenye wavuti wanaanza kuiandika upya yote kwa JavaScript, ya nini kujitesa, WebAssembly (kwa kifupi wasm, kodi ya kiwango cha chini inayoendeshwa na brauza) ipo na brauza zote kubwa zinaielewa toka 2017. Emscripten ndo kompaila inayogeuza C kuwa wasm.

1. Shusha emsdk (kifurushi cha kusakinisha Emscripten) kwa git (inakula bando hiyo, jipange), ingia kwenye folda yake upige:

./emsdk install latest
./emsdk activate latest
source ./emsdk_env.sh

Hiyo ya mwisho kila ukifungua terminali mpya unairudia.

2. Tuseme una picha.c, ndani kuna fankisheni geuza inayoondoa rangi kwenye picha. Ikompaili kwa emcc, amri ya Emscripten:

emcc picha.c -O3 -sEXPORTED_FUNCTIONS=_geuza,_malloc,_free -sEXPORTED_RUNTIME_METHODS=HEAPU8 -o picha.js

Kale kamstari ka chini (_) kabla ya geuza usikasahau. Unapata picha.js na picha.wasm.

3. Usifungue html kwa kubofya faili, brauza itagoma kusoma wasm. Washa seva: python3 -m http.server

4. Hapa ndo penyewe. Mara ya kwanza mimi nilikuwa naita geuza kwa kila pikseli, sasa picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, yani safari milioni mbili kutoka JavaScript kwenda C na kurudi, faida sikuiona kabisa nikaanza kulaumu kompaila. Kumbe nachota maji kwa kijiko. Omba nafasi ya memori kwa _malloc mara moja, mwaga picha nzima kwenye HEAPU8 (memori ya wasm, JavaScript inaiona kama safu ya baiti), ita geuza mara moja tu, lupu izunguke hukohuko kwenye C ndo usome majibu.

Maswali?

— Mkuu picha ndogo inakubali, ya simu yangu inakufa na kuandika Aborted
Memori inaanza na MB 16, picha yako imeimaliza. Ongeza -sALLOW_MEMORY_GROWTH, ila ikishakua usitumie HEAPU8 uliyoihifadhi mwanzo, ichukue upya kwenye Module (objekti ya JavaScript inayotoka kwenye picha.js).

— wasm yangu nzito, wateja wanatumia simu za bei rahisi
Jaribu -Oz (inalenga faili dogo) badala ya -O3 (inalenga mbio), toa printf zote, na seva ibane faili kwa brotli au gzip.

— Tredi je?
Zipo (kazi kadhaa kwenda kwa wakati mmoja), ongeza -pthread, ila seva lazima itume heda za usalama za COOP na COEP (Cross-Origin-Opener-Policy na Cross-Origin-Embedder-Policy) la sivyo brauza haikupi SharedArrayBuffer, memori ambayo tredi zinashirikiana. Kabla hujafika huko jaribu kwanza -msimd128 (amri moja inafanya hesabu kadhaa kwa mpigo), hiyo haitaki heda yoyote.