Namna ya Kumsoma Cesare Pavese
Ukitaka kumfahamu Cesare Pavese, mwandishi na mshairi wa Italia aliyezaliwa mwaka 1908 katika kijiji cha Santo Stefano Belbo, kaskazini mwa Italia, usianze na riwaya zake. Anza na tafsiri zake, hususan ile ya Moby Dick, riwaya ya Mmarekani Herman Melville, iliyotoka mwaka 1932, kwa kuwa humo, kwa maoni yangu, ndimo alimonolea kalamu yake. Kisha soma mashairi ya Lavorare stanca ya mwaka 1936, ukikumbuka kwamba mwaka uliotangulia utawala wa Kifashisti ulikuwa umemkamata na kumhamishia Brancaleone, Calabria, kusini mwa Italia. Riwaya ya La luna e i falò, ya mwaka 1950, iweke mwisho: msimulizi wake anarejea kutoka Marekani, nchi ambayo Pavese, pamoja na kuwatafsiri waandishi wake wengi, hakuwahi kuikanyaga.