Namna ya Kuendesha Msimu wa Timu ya Soka ya Chuo Mkoani Tabora

Klabu hupangiwa ratiba na bodi ya ligi, na wachezaji wake wamesaini mikataba ya kuifuata. Timu ya chuo hupangiwa ratiba na ofisi ya taaluma, kwa kuwa mitihani, likizo na mafunzo kwa vitendo ndivyo vinavyoamua nani atakuwapo uwanjani siku ya mechi. Kwa sababu hiyo mwalimu wa michezo, au waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, aanze kazi yake kwa kuomba kalenda ya masomo kabla hajatafuta kocha wala kuulizia bei ya jezi.

Ukiisha kuipata kalenda hiyo, weka alama kwenye wiki za majaribio, wiki za mitihani ya muhula na kipindi ambacho wanachuo hutawanyika kwenda kwenye mafunzo. Wiki zinazobaki ndizo msimu wako, nazo huwa chache kuliko wengi wanavyodhani. Tafuta tarehe ya mashindano makubwa unayoyalenga, kisha uhesabu kurudi nyuma: wiki mbili za mwisho ziwe za mazoezi mepesi na kupumzisha miili, zilizotangulia ziwe za mechi za kirafiki, na za mwanzo kabisa ziwe za kujenga pumzi na nguvu. Usipange mechi katika wiki inayotangulia mitihani, hata kama wapinzani wanasihi. Mchezaji anayefeli masomo kwa ajili ya timu ameumizwa na timu hiyo, na chuo kitakuwa na haki ya kuifunga.

Kalenda ya pili ni ya mvua. Tabora hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo uwanja wa chuo unaweza kujaa maji kwa siku kadhaa. Mechi zinazohitaji uwanja mzuri ziwekwe Mei na kuendelea, lakini kumbuka kuwa Septemba na Oktoba joto huwa kali sana na ardhi hukauka ikawa ngumu kama saruji, jambo linaloumiza magoti na vifundo. Radi nayo isidharauliwe. Ikisikika ngurumo, simamisha mchezo, waingize watu wote ndani ya jengo, mbali na miti, na msirudi uwanjani hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mchujo wa wachezaji ufanywe mapema na ufanywe hadharani. Njia inayofaa zaidi ni ligi ya ndani, baina ya madarasa au mabweni, kwa sababu mchezaji huonekana akiwa kwenye mechi ya kweli, akiwa amechoka na akiwa amefungwa bao. Majaribio ya siku moja huwapendelea wenye viatu vizuri na wenye kupiga chenga, huku beki mtulivu anayejipanga vema akipita bila kuonekana. Chagua wachezaji 25 hivi, ukihakikisha kila nafasi ina watu wawili na kwamba wawili hao si wa mwaka mmoja wa masomo. Mwaka wa mwisho wakienda kwenye mafunzo ya vitendo, wanaondoka kwa mkupuo. Timu iliyojaa wao hubaki bila kipa na bila kiungo mkabaji katikati ya msimu. Ni heri kumvumilia kijana wa mwaka wa kwanza anayekosea leo, maana ndiye atakayebeba timu mwakani.

Uwanja unastahili saa zako nyingi, kwa kuwa uwanja uliochorwa vibaya huzaa ugomvi katika kila mechi. Anza na pembe. Funga kamba kwenye kigingi cha kona, pima mita 6 kwenye mstari wa goli na mita 8 kwenye mstari wa pembeni. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita 10 kamili, pembe yako ni mraba, yaani nyuzi 90, na ukizidi au ukipungua, sogeza mstari. Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44 kwenda juu. Kutoka upande wa ndani wa kila mwimo, pima mita 16.5 kwenda pembeni na mita 16.5 kuingia uwanjani, upate eneo la penalti, kisha weka nukta ya penalti mita 11 kutoka katikati ya goli. Duara la kati huchorwa kwa kigingi kimoja na kamba ya mita 9.15. Kamba za plastiki hurefuka zikivutwa, hivyo ipime upya kwa futi ya fundi kila unapochora. Mpira nao upimwe: usijazwe ukawa mgumu kwa kudhani kwamba utadumu zaidi, kwani sheria inataka mgandamizo wa hewa wa kati ya atmosfia 0.6 na 1.1.

Jua la Tabora huchelewa kuzama kuliko la Dar es Salaam kwa takribani dakika 25, na hiyo ni neema kwa timu za vyuo, kwa kuwa vipindi vikiisha saa kumi jioni bado kuna muda wa kutosha. Mazoezi matatu kwa wiki yanatosha. Kila zoezi lianze na programu ya kupasha mwili joto iitwayo FIFA 11+, ambayo ina mazoezi 15, huchukua dakika 20 hivi, haihitaji kifaa chochote zaidi ya mpira, na imethibitishwa kupunguza majeraha. Wachezaji wengi huikwepa kwa sababu inachosha kabla ya mpira wenyewe. Nahodha ndiye wa kuonyesha mfano.

Mchezaji akiteguka kifundo, mtoe nje, mwekee kitambaa chenye maji baridi, mfunge bandeji na umwinulie mguu. Desturi ya kumkanda kwa maji ya moto siku ileile iachwe, kwani huongeza uvimbe. Asipoweza kupiga hatua nne, apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete akapigwe picha. Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu hata kwa sekunde chache asirudishwe uwanjani siku hiyo, na hapa kocha asikubali kubembelezwa na mtu yeyote.

Kuhusu safari, tenganisha bajeti ya mechi za mjini na ya mechi za mbali. Kucheza na vyuo vya Tabora mjini kunahitaji maji, chokaa na posho ya waamuzi. Kwenda Kigoma ni zaidi ya kilomita 400 kwa reli, maana yake malazi, chakula cha siku kadhaa na ruhusa ya maandishi kutoka kwa mshauri wa wanafunzi. Omba fedha hizo mwanzoni mwa mwaka wa fedha wa chuo. Hakikisha pia kila mchezaji ana kitambulisho cha mwanachuo ambacho muda wake haujaisha, kwa sababu timu nzuri hunyang'anywa pointi kwa karatasi.

Msimu ukiisha, kusanyeni jezi zihesabiwe kwa namba kabla mwaka wa mwisho hawajafunga mabegi. Katibu wa timu aandike daftari lenye vikosi, matokeo, majeraha, matumizi na majina ya wachezaji wanaobaki, alikabidhi kwa katibu mpya mbele ya mwalimu wa michezo, na nakala yake ibaki ofisini.