Zahanati yenu ikisemwa vibaya: la kufanya tangu saa ya kwanza

Hapa Mombasa, uvumi ukianza Kisauni asubuhi, jioni ushavuka feri hadi Likoni. Msingoje kikao cha bodi. Teueni msemaji mmoja. Wengine wote, hata mlinzi wa getini, wajue nambari ya kumpa mwandishi wa habari.

Kabla ya kujibu, kusanyeni rejesta, faili za wagonjwa na orodha ya zamu za siku hiyo, mzifungie. Mtu asifute wala kuongeza neno: karatasi iliyochezewa huangamiza shirika kuliko kosa lenyewe.

Taarifa ya kwanza iwe sentensi nne tu: mmesikia nini, mnachunguza nini, aliyeathirika anasaidiwaje, mtarudi lini. Tajeni saa, na ikifika mseme, hata kama uchunguzi haujaisha.

Wengi huteleza hapa: familia inalalamika hadharani, nao wanajitetea kwa kutaja ugonjwa wa mtu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti. Hata jina likifichwa, mtaani watamtambua. Nendeni kwanza kwa familia, nyumbani kwao, bila kamera. Data zikivuja na mwenyewe akawa hatarini, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72.

Gazeti likikosea, mwandikieni mhariri mkidai masahihisho, pamoja na ushahidi. Akikataa, lipelekeni lalamiko Baraza la Vyombo vya Habari.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wapeni majibu yale yale kabla ya swala ya Ijumaa, maana wao ndio huulizwa milangoni. Wafadhili nao wasikie kutoka kwenu, si redioni.