Jinsi shauri la madai linavyofikia mwisho: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wateja wengi wanaofika kwangu huuliza kama watashinda, nami huwaomba kwanza tutafakari shauri lao litaishaje. Hukumu ni njia mojawapo tu, kwani katika nchi nyingi mashauri mengi ya madai humalizika kabla jaji au hakimu hajaandika hukumu yoyote. Majina ya hatua hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini mtiririko wake hufanana.

Hatua ya 1: Hesabu muda, kisha mchunguze mdaiwa. Karibu kila dai lina ukomo wa muda, na lililochelewa hutupwa hata likiwa la haki. Chunguza pia kama mdaiwa ana mali au kipato, kwa sababu hukumu dhidi ya asiye na kitu hubaki karatasi.

Hatua ya 2: Andaa hati ya madai. Taja mambo yaliyotokea, haki iliyovunjwa na kila nafuu unayoiomba, yaani kila jambo unalotaka mahakama iamuru, maana kwa kawaida mahakama haitoi usichokiomba. Mdaiwa asipojibu ndani ya siku alizopewa, unaweza kuomba hukumu ya upande mmoja. Hukumu hiyo huweza kutenguliwa akionyesha kwamba wito haukumfikia, kwa hiyo tunza vizuri uthibitisho kwamba aliupokea.

Hatua ya 3: Jaribu maridhiano kwa dhati. Mpatanishi hawaamulii wenye shauri, bali huwasaidia wafikie makubaliano yao wenyewe, na mnayozungumza mbele yake kwa kawaida hayatumiki kama ushahidi mkishindwa kuelewana. Nimeona makubaliano mengi yakivunjika kwa sababu yaliandikwa kijuujuu: “mdaiwa atalipa deni lake,” basi. Andikeni kiasi, tarehe ya kila awamu, mahali pa kulipia, na litakalofuata awamu moja ikikosekana. Kisha iombeni mahakama iyasajili, ili yawe na nguvu ya hukumu na msilazimike kufungua shauri jipya yakikiukwa. Iwapo mkataba wenu uliweka kifungu cha usuluhishi, msuluhishi ndiye atakayeamua, na tuzo yake, yaani uamuzi wake, kwa Mkataba wa kimataifa wa New York wa mwaka 1958, huweza kutekelezwa hata nje ya nchi ilikotolewa, katika nchi zilizoridhia mkataba huo.

Hatua ya 4: Bainisha hoja zinazobishaniwa. Hapa ndipo mashauri mengi hushinda au kushindwa. Chukua mfano wa mtu anayedai fedha alizokopesha, huku mdaiwa akikiri kuzipokea ila akidai zilikuwa zawadi. Mdai akileta mashahidi watano kuthibitisha kwamba fedha zilikabidhiwa, amepoteza siku nzima, kwa kuwa jambo hilo halibishaniwi. Ujumbe mmoja ambamo mdaiwa aliomba aongezewe muda wa kulipa una uzito kuliko mashahidi hao wote. Kumbuka pia kwamba mzigo wa kuthibitisha humwelemea anayedai, lakini kipimo si kile cha kesi ya jinai: inatosha maelezo yako yaelekee kuwa kweli kuliko ya mwenzako, hata kama ni 51 kwa 49.

Hatua ya 5: Soma hukumu yote. Usiishie kwenye mstari wa mwisho, kwa sababu sababu alizotoa jaji ndizo zitakazokuonyesha kama rufaa ina msingi. Muda wa kukata rufaa ni mfupi, na katika mifumo mingi rufaa peke yake haizuii utekelezaji. Aliyeshindwa hulazimika kuomba amri ya kuusimamisha.

Hatua ya 6: Omba utekelezaji. Mahakama haikusanyi deni kwa hiari yake. Mshindi ndiye anayepeleka maombi, akitaja mali ya kukamatwa, akaunti ya benki au mshahara wa kukatwa. Malipo yakikamilika, iarifu mahakama kwa maandishi ili jalada lifungwe.