Faili ni mshenga tu: kupeleka printi kwenye maonesho yenye majaji

Picha yangu moja ya wavuvi wa Nungwi iliwahi kupita mchujo wa kwanza wa maonesho fulani huko Ulaya. Nikaiviringisha ndani ya bomba gumu, nikalipa usafiri uliouma, nikasubiri. Mchujo wa pili, majaji sasa wameishika karatasi yenyewe, ikatolewa. Barua ilikuwa na mstari mmoja: kazi iliyofika ina giza kuliko ile tuliyoiona. Walisema kweli. Nilikuwa nimeling'arisha faili ili lipendeze kwenye skrini, printi nikaiacha vilevile.

Maonesho mengi makubwa yanakwenda kwa duru mbili hivi. Yale ya kiangazi ya Royal Academy, taasisi ya sanaa kule London, ambayo hayajakosa mwaka tangu 1769, duru ya kwanza majaji hutazama picha zilizotumwa kwa mtandao; waliopita ndio wanaoitwa walete kazi. Kwa hiyo faili ni mshenga. Akimsifu bwana harusi kupita kiasi, siku ya kuonana aibu ni yenu wote wawili.

Kama umechapa kwa printa ya wino, kazi si kubwa. Chukua faili lilelile ulilochapia, si lile lililotoka kwenye kamera. Weka printi kando ya laptop penye mwanga mzuri wa mchana usio na jua kali, fungua ukurasa mweupe mtupu, kisha punguza mwanga wa skrini mpaka weupe ule ukaribiane na weupe wa karatasi. Utashangaa ni kiasi gani cha kupunguza. Hapo ndipo ulinganishe picha na picha, na ukirekebisha, rekebisha faili lifuate karatasi.

Mimi taabu yangu ni nyingine, maana siku hizi nafanya sainotaipu: karatasi unaipaka chumvi za chuma, unaianika juani na negativu juu yake, unaiosha kwa maji, inabaki buluu. Hakuna mbili zinazofanana, na faili halipo. Lazima printi yenyewe ipigwe picha. Wenye printi zilizosafishwa gizani kwa dawa mko nami hapa.

Nafanya kazi hii barazani, nyumbani Kikwajuni, asubuhi kabla jua halijaingia upande wetu. Printi naibandika ukutani, haina fremu wala kioo. Kamera juu ya stendi, lenzi ya milimita 50 au ndefu zaidi, kwa sababu lenzi pana hupinda kingo na jaji atadhani karatasi ndiyo iliyopinda. Wengine hutumia pimamaji la fundi mwashi. Mimi natumia kioo kidogo cha kujitazamia: nakishikiza katikati ya printi, kilale sawasawa juu ya karatasi, kisha natazama kwenye kamera. Nikiiona lenzi yangu yenyewe katikati ya kile kioo, kamera imesimama sawa na ukuta. Nikiona dari, nasogeza. Nikishapata, naondoa kioo, naweka f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na saa ya kamera kujipigia yenyewe baada ya sekunde 2 ili kidole changu kisitikise kitu.

Mwanga ukiwa wa taa, weka mbili zinazofanana, moja kila upande, kwa pembe ya nyuzi 45. Simamisha penseli katikati ya printi: ikitoa vivuli viwili vyenye weusi sawa, taa zimelingana. Printi inayong'aa hurudisha kila kitu kilicho mbele yake, pamoja na shati lako. Nilihangaika na hilo wiki nzima hadi shangazi akanipa kaniki yake kuukuu. Nimeitoboa tundu la kupitisha lenzi, naitundika mbele ya kamera, na mng'ao wote umekwisha. Kaniki hairudi tena kwake, nadhani ameshakubali.

Halafu kata kingo zote za ukuta, ibaki picha peke yake. Hifadhi kwa JPEG, rangi za sRGB, mpangilio wa rangi ambao skrini nyingi zinaujua. Rangi za Adobe RGB, mpangilio mwingine mpana zaidi, zikifunguliwa na programu isiyozijua huonekana zimechujuka kama khanga ya miaka kumi. Wakitaka pikseli 2000 upande mrefu, wape 2000. Usibabaishwe na zile 72 au 300, yaani pikseli kwa kila inchi, zinazoandikwa pembeni. Skrini inahesabu pikseli tu. Hiyo 300 ina maana ukichapa: sentimita 40 zinataka pikseli kama 4,724. Jina lako lisiwepo juu ya picha wala, kama majaji hawatakiwi kukujua, kwenye jina la faili. Na epuka alama kwenye majina hayo. Picha yangu iliyoitwa Ng'ambo iligoma kupanda mara nne kwa sababu ya kile kijialama cha juu.

Kwenye fomu, vipimo huanza kimo kisha upana. Soma kama wanataka vya karatasi au vya fremu. Bei uliyoandika ndiyo hiyohiyo, na wenye ukumbi wana fungu lao humo, basi piga hesabu mapema. Ada ya kuingia hairudi hata ukikataliwa.

Mwisho, saa. Fomu moja iliandika kuwa mwisho ni 12:00 kwa saa za London, mwezi wa Januari. Mswahili mie nikasoma saa kumi na mbili jioni. Nikakaa chini saa kumi na chai yangu, nikiamini nina saa mbili nzima. Ile 12:00 ilikuwa adhuhuri yao, na mlango ulishafungwa kwetu tangu saa tisa alasiri. Kiangazi chao, wakisogeza saa mbele, ingekuwa saa nane.