Jinsi ya kuhesabu mzigo wa vipindi bila kumwonea mwalimu

Nimeshika ratiba ya shule yetu tangu mwaka wa 2014. Ni shule ya sekondari ya kutwa ya mikondo mitatu, yaani madarasa matatu kila ngazi, huku Taita, Kenya. Kila Januari walimu hunijia na swali lilelile: mbona fulani ana vipindi 22 na mimi nina 28? Ni swali la haki, na mwenye kuliuliza anastahili kuonyeshwa karatasi anayoweza kuikagua mwenyewe, mstari kwa mstari. Karatasi yenyewe naiandaa hivi.

Anza na kipimo. Kipindi ni dakika 40, na kiwango cha TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, kwa mwalimu wa sekondari ni vipindi 27 kwa wiki. Zidisha upate dakika 1,080, yaani saa 18 za kuwa darasani. Kipindi pacha cha maabara huhesabiwa viwili. Na kama darasa la wanafunzi 54 haliingii maabara kwa mara moja, mwalimu wa Kemia akalazimika kulirudia jaribio lilelile kwa kundi la pili, andika vinne. Nimeziona karatasi zinazomwandikia viwili tu, na mwalimu akanyamaza mwaka mzima kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha hesabu.

Usichukue karatasi ya zamani ukabadilisha majina. Mwaka huu wa 2026 tuna Gredi ya 10 (mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu katika mtaala mpya), Kidato cha Tatu na Kidato cha Nne. Kidato cha Pili hakipo, maana KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi katika mfumo wa zamani wa 8-4-4, ulifanywa mara ya mwisho 2023, na walioufanya sasa wako Kidato cha Tatu. Gredi ya 10 ina mgao wake wa vipindi, tofauti na wa 8-4-4, kwa hiyo kila ngazi ipewe safu yake.

Masomo ya lazima ni mepesi: idadi ya mikondo mara vipindi vya somo. Kwetu Kiswahili kina vipindi 6 katika Kidato cha Tatu na cha Nne, na 5 katika Gredi ya 10. Mikondo mitatu kila ngazi inatupa 18, 18 na 15. Jumla 51. Fanya vivyo hivyo kwa Kiingereza na Hisabati, kisha uende kwenye masomo ya kuchagua. Huko ndiko watu wengi hupotelea, na mimi nilipotelea huko.

Mwaka wangu wa pili nilihesabu Historia kwa madarasa: mikondo mitatu mara vipindi vinne, Kidato cha Tatu, kisha vivyo hivyo Kidato cha Nne. Nikapata 24, nikaandika kwamba tunahitaji karibu mwalimu mzima wa Historia. Afisa aliyekuja kukagua akaomba ratiba, akaona kwamba wanafunzi wa Historia kutoka mikondo yote mitatu huketi chumba kimoja kwa wakati mmoja. Vipindi halisi vilikuwa 8. Alirudisha fomu yote ya kuomba walimu, hata sehemu ya Fizikia ambayo ilikuwa kweli tupu, na mwalimu wa Fizikia tuliyemhitaji hakuja mwaka huo. Wanafunzi wa Kidato cha Nne ndio walioumia. Tangu siku hiyo sihesabu madarasa katika masomo ya kuchagua. Nahesabu vikundi.

Kikundi ni mwalimu mmoja aliyesimama mbele ya wanafunzi katika saa fulani, hata wawe wametoka wapi. Kanuni hii hukata pande zote mbili. Kidato cha Tatu chetu, saa ya masomo ya kuchagua, hugawanyika hivi: Historia kikundi kimoja, Jiografia kimoja, na CRE (elimu ya dini ya Kikristo) viwili kwa sababu waliochagua ni wengi mno kwa chumba kimoja. Madarasa ni matatu, lakini walimu wanaotakiwa kwa saa hiyo ni wanne. Aliyehesabu kwa madarasa ataandika vipindi 12, na ukweli ni 16. Kwa hiyo njia ya madarasa hukudanganya mara kwa kuongeza, mara kwa kupunguza, na hutajua ni lini.

Sasa jumlisha kwa jozi za masomo, maana mwalimu wa sekondari huajiriwa na masomo mawili. Kwetu Historia ina 4 za Kidato cha Tatu, 4 za Kidato cha Nne na kikundi kimoja cha vipindi 6 Gredi ya 10: jumla 14. CRE ina 8, 4 na 6: jumla 18. Ukiweka na Kiswahili 51 unapata 83. Gawa kwa 27 upate 3.07. Walimu watatu, wawili wa Kiswahili na Historia na mmoja wa Kiswahili na CRE, karibu wanatosha.

Usikadirie kwenda juu katika kila somo. Kiswahili peke yake ni 1.89, Historia 0.52, CRE 0.67. Ukikadiria kila moja utaandika walimu wanne, na hao wanne hutawatetea mbele ya yeyote. Acha desimali hadi mwisho wa jozi.

Lakini hata baada ya hapo hujamaliza, kwa sababu kuna jambo ambalo kugawanya hakulioni. Vile vikundi viwili vya CRE vya Kidato cha Tatu vinafundishwa saa ileile. Mwalimu wetu wa CRE ana nafasi ya vipindi, ila hana miili miwili. Hesabu inakubali, saa inakataa. Kwa hiyo kila baada ya kugawanya, pitia kila saa ya masomo ya kuchagua uulize: kwa dakika hizi 40, nahitaji watu wangapi wa somo hili? Sisi kikundi cha pili amekichukua naibu wa mwalimu mkuu, ambaye pia ni mwalimu wa CRE. Yeye na mwalimu mkuu wana kazi za ofisi, kwa hiyo usiwahesabie 27 katika uwezo wa shule. Andika vipindi wanavyofundisha kweli.

Ukitoa vinne vya naibu, vimebaki vipindi 79 kwa watu watatu. Mgao wangu wa kwanza ulikuwa hivi: mwalimu wa kwanza Historia yote 14 na madarasa mawili ya Kiswahili, 26. Wa pili Kiswahili kitupu, madarasa mawili ya vidato na matatu ya Gredi ya 10, 27. Wa tatu CRE 14 na Kiswahili 12, 26. Kwa macho ya mtu wa ofisini, hapo pana usawa mtupu.

Nenda sasa ukapime madaftari. Darasa letu lina wastani wa wanafunzi 48, na insha moja ikisahihishwa vizuri, makosa yakaonyeshwa na mtoto akaandikiwa neno la kumsaidia, huchukua dakika 6. Nimeipima kwa saa yangu. Mwalimu wa pili ana madarasa matano: insha 240, dakika 1,440, saa 24 kwa kila zoezi moja la insha. Wa kwanza ana madarasa mawili: saa 9 na dakika 36. Tofauti ya kipindi kimoja kwenye karatasi ni tofauti ya saa 14 mezani, usiku, kwa taa ya nyumbani. Historia nayo husahihishwa, nakubali, lakini hailetwi kila mara kwa wingi kama insha.

Nikabadilisha. Historia ya Gredi ya 10 ikaenda kwa mwalimu wa pili, na darasa moja la Kiswahili la vipindi 6 likaenda kwa wa kwanza. Vipindi havikubadilika hata kimoja, 26 na 27 vilevile. Kusahihisha insha kukawa saa 14 na dakika 24 kwa mmoja, saa 19 na dakika 12 kwa mwingine. Bado si sawasawa, ila mwalimu wa pili alipoiona aliketi, akashusha pumzi, akasema, "Hapo sasa, Madam, nitafika Aprili." Kwa hiyo ongeza safu mbili kwenye karatasi yako: idadi ya wanafunzi, na idadi ya maandalizi tofauti. Mwenye vipindi 24 vya ngazi tatu na masomo mawili hutayarisha zaidi ya mwenye 27 vya ngazi moja.

Walimu wa BOM, wale wanaoajiriwa na bodi ya shule yenyewe, ndio jambo linalonikera zaidi. Shule nyingi hutoa vipindi vyao kwanza, kisha zinahesabu upungufu wa vilivyobaki. Upungufu unatoweka, na wazazi wanaendelea kuulipia. Hesabu mahitaji yote ya shule kwanza. Halafu weka safu ya walimu wa TSC, uone pengo, na safu ya BOM iandikwe pembeni kama namna pengo lilivyozibwa kwa muda. Vipindi vya alfajiri na jioni, vile visivyo kwenye ratiba rasmi, visiingie kabisa kwenye 27. Vipe ukurasa wao, kwa majina na saa, ili vionekane.

Fanya kazi hii wiki ya tatu ya muhula wa kwanza. Kabla ya hapo wanafunzi bado wanahamahama kati ya vikundi, hasa Gredi ya 10 wanaobadilisha masomo waliyochagua. Ukimaliza, bandika nakala kwenye ukuta wa chumba cha walimu, na kalamu ikining'inia kando kwa uzi. Mpe kila mtu siku tatu asahihishe mstari wake na kutia sahihi. Kisha ndipo upeleke kwa mwalimu mkuu.